Eti mama hajui kuongea

Leo siku ya tano na neno lile bado limenikwama kooni kama mwiba wa changu. Nimelimezea matonge makavu, halishuki. Nimeona niliandike, huenda likashuka kwa njia hiyo, ndiyo maana mnanikuta macho saa saba usiku na daku lenyewe sijalipika.

Jumatatu tukitoka shule nilipita na mwanangu Kifaranga kwenye lile duka la matunda la kona, la yule bibi mwenye miwani ya kamba. Nilitaka nyanya za kachumbari ya futari. Tangu getini mwa shule nilikuwa naipanga sentensi yangu, maana mwalimu wetu wa Kihispania wa jioni alishatuonya kuwa huku Valencia, Hispania, dukani husemi "nataka" kama mtu anayedai deni. Unasema «¿Me pone un kilo de tomates?», yaani niwekee kilo moja. Nikaisema. Naapa niliisema sawasawa. Labda sauti ilikuwa ya chini, ulimi umekauka kwa swaumu. Yule bibi akanitazama mdomo, si macho, akasubiri kidogo, halafu akamwinamia mtoto.

«¿Qué quiere tu mamá, cariño?» Mama anataka nini, kipenzi?

Na Kifaranga, miaka minne na miezi miwili, kidole kimoja puani, akajibu bila hata kugeuka: «Un kilo de tomates. Es que mamá no sabe hablar.»

Basi, ndiyo hiyo. Kilo ya nyanya, unajua tena, mama hajui kuongea.

Bibi akacheka kwa upole (angecheka kwa dharau ningepata pa kushika), akapima, akatia na kishada cha perejil bure kama desturi yao, yale majani yanayofanana na kotmiri ila harufu hayana. Nikalipa. Nikasema gracias, nayo ikatoka kama ya mtoto wa chekechea.

Nimeichambua sentensi ile mpaka imekuwa nyuzi. Kwanza, hakusema «no sabe hablar español». Angeliongeza lile neno la mwisho ningelala usingizi wangu, kwa sababu ni kweli, Kihispania changu bado kinatambaa. Alisema hajui kuongea, akanyamaza, kama anayeeleza habari za bubu. Mimi! Miaka sita pale redioni Tanga nimelipwa mshahara kwa ajili ya mdomo. Msiba ukitokea Ngamiani au Chumbageni, watu walizima majiko ili wanisikie nikisoma jina la marehemu.

Pili, na hapa ndipo penye mwiba wenyewe, ni lile «es que». Wahispania hulitanguliza neno hilo wanapotaka kujitetea: nimechelewa, es que basi halikuja; sikulipa, es que nilisahau pochi. Ndiyo "unajua tena" yao. Kwa hiyo mtoto hakunisengenya wala hakunicheka. Aliniombea radhi, kama mimi ninavyowaomba watu radhi yeye akimwaga maziwa mkahawani. Mwanangu aliniombea radhi kwa muuza nyanya.

Nilipomsimulia Baba Kifaranga alicheka, kisha akaniona uso, akaacha. "Swaumu hiyo, Mama K. Futuru kwanza." Yeye hana shida. Bandarini wanaelewana kwa mikono na matusi.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo: ameongezewa mkataba wa miaka miwili, kadi zetu za ukaazi zimetoka, na mtaa umefungwa kwa ajili ya sanamu la Fallas, sikukuu yao ya hapa mjini, refu kama ghorofa tatu litakalochomwa moto usiku wa tarehe 19 Machi. Hayo nitayaandika siku nyingine.

Kuanzia Jumanne nyanya nanunua supamaketi. Pale hakuna anayekuuliza kitu ila kama unataka mfuko, na jibu ni no. Nyanya zao hazina ladha, na njia ya kwenda huko inapita kwenye vibanda vya buñuelos, ndugu za kaimati kabisa ila wao hutia boga, vinakaangwa saa kumi jioni mbele ya pua ya mtu aliyefunga. Nazunguka hivyo dakika kumi na tano kila siku kumkwepa ajuza aliyenizawadia majani.

Na majibu sasa! Nikiosha vyombo majibu yanamiminika. La Jumanne lilikuwa fupi: «Sí que sé.» Najua bwana! La Jumatano lilikuwa na heshima zaidi, nilimgeukia yule bibi na kumwambia kwamba mimi huongea sana, ila ningependa anisikilize polepole. Lile lilihitaji subjuntivo, ile namna ya kitenzi ya kutamani na kuomba, ambayo tutaanza kuisoma baada ya Pasaka. La Alhamisi lilikuwa la Kiswahili na lilimhusu Kifaranga na adabu zake, hilo siliandiki.

Halafu eti sijui. Juzi darasani si nilisimama nikawaeleza kwamba hasta yao na hata yetu ni ndugu wa tumbo moja, wote wawili kawazaa Mwarabu? Na kwamba ojalá wanayoitamka kila siku ina jina la Mungu ndani kama inshallah yetu? Mwalimu alipiga makofi. Irabu zao tano ndizo zetu tano, jota yao, ile herufi j, ni kh ya Khamisi, hainitoi jasho kama inavyomtoa yule Mchina wetu wa dawati la nyuma, maskini. Darasani nina ulimi. Nikitoka nje ya geti tu, ulimi unabaki ndani na madawati.

Sasa jana. Jana tulimpigia bibi yake Tanga kwa video. Kule walishafuturu, huku tulikuwa na saa nzima na ushee ya kusubiri. Sebule imejaa: mama yangu, shangazi wawili, na mjomba wangu wa madrasa kaketi pembeni na kikombe chake cha uji wa pilipili manga. Shikamoo, marahaba, mjukuu wangu hujambo. Mama akasema, "Bibi nimekushonea gauni la Idi, la maua, lina na mikono ya puto."

Kifaranga akaruka juu ya kochi. «¡Chupi! ¡Chupi, chupi, chupi!»

Kimya. Mjomba akatazama ndani ya kikombe.

Mnaikumbuka ile ya pipi, mwalimu wake alipomkimbiza chooni mara tatu kumbe anaomba peremende, maana pipí yao ni mkojo. Hii imezidi. Watoto wa huku kitu kikiwafurahisha husema chupi, maana yake safi sana, bomba. Wote shuleni kwake wanapiga kelele hiyo. Lakini nenda kaieleze mbele ya mjomba.

"Anataka chupi?" Mama akauliza. "Mbona mimi nimeshona gauni?"

"No, bibi! Gauni es muy chupi!"

Mama akasogeza simu karibu na uso, ikawa naona jicho moja na ukingo wa mtandio, akashusha sauti. "Mwanangu. Huyu mtoto siku hizi hajui kuongea?"

Niseme kweli? Nilifurahi. Roho mbaya, najua, na mwezi wenyewe mtukufu, lakini kitu fulani kifuani kililegea. Nikafungua mdomo nimjibu, nikajisikia nasema, "Unajua tena, mama, kutwa yuko shuleni na wenzake..." Nikakatisha hapo hapo.

Kisha kicheko kikanishika, kile cha machozi, nikashindwa kushika simu. Shangazi wa kwanza akanifuata, wa pili, mwisho hata mjomba mabega yakawa yanatikisika. Kifaranga akataka kujua tunacheka nini. Nilipomwambia akakimbilia chumbani, akarudi na chupi yake ya samaki kaivaa kichwani, akaisogeza kwenye kamera ili bibi aione vizuri. Baba Kifaranga aliporudi alitukuta hivyo, na adhana ya kwenye simu ilipolia hakuna aliyekuwa ameandaa hata tende.

Nilidhani baada ya hapo nitalala.

Ila saa hizi nilipovuta jiko kidogo niokote kifuniko kilichodondokea nyuma, nimeuona ule mpira wa gesi, wa rangi ya chungwa, unaotoka kwenye mtungi. Umepigwa chapa. Nimewasha tochi ya simu, nikasoma herufi kwa herufi: caducidad, yaani mwisho wa matumizi, halafu 2022. Nimenusa, sisikii kitu. Nimepaka sabuni kwenye kiungo, povu halikufura, lakini pale unapopinda nikiubinya unaonyesha nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha kiangazi. Nimefunga mtungi, nimefungua dirisha. Daku litakuwa mkate na maziwa. Mwenye nyumba hajibu ujumbe wa maandishi, yule anataka kupigiwa simu, na mpira wa gesi kwa Kihispania sijui unaitwaje.