Kufundisha habari za misitu kwa watoto wa wakulima wa tumbaku

Nafundisha Jiografia katika sekondari ya kata wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Huku mada ya maendeleo endelevu ni nzito, kwa sababu sare, madaftari na mabati ya nyumba ya mwanafunzi vimetokana na tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia majani yake kwa moto, kwa kuni za miombo, miti ya asili ya misitu ya huku. Ukisema ubaoni kwamba kukata miti ni kosa, mtoto anasikia umemsema baba yake, ananyamaza.

Kwa hiyo naanza na hesabu. Kila mmoja anauliza kwao: msimu uliopita zimechomwa kuni tela ngapi, zilikatwa wapi, na babu alipokuwa kijana alikuwa akikata wapi? Swali la babu ndilo lenye nguvu. Majibu yakishaandikwa ubaoni, darasa zima linaona msitu ulivyosogea mbali, nami sina la kuongeza.

Kisha namwalika mzee mrina asali. Anawaonyesha mzinga wa magome na wa mbao, anaeleza kuwa mti uliobanduliwa gome kuuzunguka wote hufa, na kwamba miti ya mtundu na myombo ndiyo inayowapa nyuki maua. Wanamuuliza mambo ambayo mimi hawajawahi kuniuliza.

Mzazi mmoja alinijia juu: "Mwalimu, unataka watoto wetu wale nini?" Nilimfungulia daftari la mwanawe, tukahesabu pamoja gharama za kuni na kibarua wa kuzikata. Akaanza yeye mwenyewe kuuliza habari za bani lenye tanuri linalobana moto ili kuni zisiliwe nyingi.

Yapo yanayonishinda. Msimu wa kukausha ukifika, moto wa bani hauachwi usiku wala mchana, na vijana waliokesha wanasinzia darasani. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Umoja wa Mataifa ukatenga muongo mzima, 2005 hadi 2014, kwa elimu ya maendeleo endelevu. Lakini ratiba yetu inafuata mtihani wa Kidato cha Nne, na mzazi anataka kuona daraja.

Kitalu chetu cha miche ya miti kilikuwa kinakauka kila likizo ya Juni, kwa kuwa ni kiangazi na hakuna wa kumwagilia. Sasa miche inakwenda nyumbani na wanafunzi. Zaidi ya hapo tunalinda visiki: miombo huchipua yenyewe pale moto usipopita, kwa hiyo kila kundi lina kipande chake cha kufyekea njia ya kuzuia moto.