Petobo, ardhi iliyotiririka

Kazi yangu ni kupima udongo wa viwanja. Kila ninapochimba shimo la majaribio nauliza kwanza: maji yako kina gani? Ndiyo maana Petobo, mtaa wa mji wa Palu, hainitoki kichwani.

Tarehe 28 Septemba 2018, tetemeko la ukubwa wa 7.5 lilipiga Palu, Indonesia. Wengi wanakumbuka tsunami. Lakini Petobo, mbali na ufuo, nyumba zilisombwa na ardhi yenyewe. Mchanga uliolegea ukijaa maji, chembe zake huwa zimeegemeana. Ukitikiswa, zinataka kubanana, maji yanakosa pa kutokea, shinikizo linapanda mpaka zinaachana. Hapo udongo hauna nguvu tena, unatiririka kama uji. Na mteremko wenyewe ni mdogo mno, ukipita kwa miguu ungesema ni tambarare!

Kinachoniuma zaidi ni mfereji wa umwagiliaji wa Gumbasa, uliochimbwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ulinywesha mpunga miaka mingi, huku ukipandisha maji ya chini ya ardhi. Maporomoko ya Petobo yalianzia karibu nao. Wateja huniuliza kuhusu nyufa na mawe. Kuhusu mfereji wa jirani, karibu hakuna anayeuliza.