Safari za baba kwenda Songea na mapinduzi ya Lisbon

Kuanzia 1971 hadi 1974 baba alikuwa utingo wa lori. Walikuwa wakipakia mahindi na maharage Makambako, wanapita Njombe, wanateremka mpaka Songea. Lami hakuna. Masika lori lilikuwa likiwalaza njiani siku mbili tatu, wakakata matawi na kuyatandika chini ya matairi. Baadhi ya magunia yalikuwa ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Aliyekuwa akiyapokea ni kijana aliyekatika mkono wa kulia. Alitia saini kwa kushoto, herufi moja moja, na dereva hakuthubutu kumharakisha.

Jumapili iliyopita mwanangu alikuwa anamsomea babu yake habari za mapinduzi ya Ureno, 25 Aprili 1974: askari wanashangiliwa mitaani, maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki, waziri mkuu Marcelo Caetano anasalimu amri. Baba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mjukuu wangu, sisi tumeandikwa wapi?"

Kijana akapekua simu juu mpaka chini. Hakuna.

Swali hilo limeninyima usingizi. Maana makapteni waliompindua Caetano walifundishwa na vita ya huku kwetu. FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam 1962, na Septemba 1964 kikaanza kupigana kaskazini ya Msumbiji. Angola moto ulikuwa umewaka tangu 1961, Guinea-Bissau tangu 1963. Ureno, nchi ndogo tena maskini, ikajitwika vita tatu kwa mpigo katika makoloni yake. Vijana wake maelfu wakatorokea Ufaransa kukwepa jeshi, na maofisa wakawa haba. Julai 1973 serikali ikatoa amri kwamba maofisa walioingia jeshini kwa lazima wapewe kozi fupi, wawe sawa na wale waliosomea kazi hiyo miaka. Makapteni waliokwisha kutumikia Afrika zaidi ya mara moja wakaona wanarukwa. Wakaanza kukutana kwa siri.

Naam, walianza na vyeo. Simlaumu mtu kwa hilo. Lakini ukishakaa na wenzako usiku kujadili cheo, utafika tu kwenye swali la vita yenyewe: tunapigania nini, na itaisha lini?

Kuna tukio ambalo kwangu ndilo zito kuliko maua yote. Januari 1974, walowezi wa Kireno wa Beira, mji wa pwani ya Msumbiji, waliandamana dhidi ya jeshi lao wenyewe, wakawatukana maofisa kwamba wameshindwa kuwalinda na FRELIMO. Maofisa wale walikuwa wanaikumbuka Goa, koloni la Ureno huko India. Mwaka 1961 Salazar, mtawala wa Ureno kabla ya Caetano, aliwaamuru askari wafe kuliko kuwaachia Wahindi koloni hilo, na waliposalimu amri akawatupia lawama. Sasa wakaona Msumbiji inaelekea kuwa Goa nyingine: vita haishindiki, na aibu watabebeshwa wao.

Miezi mitatu baadaye walitoka na vifaru. Otelo Saraiva de Carvalho, aliyepanga mambo yote, alizaliwa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Salgueiro Maia, aliyeizingira kambi alimojificha Caetano, alikuwa amepigana Msumbiji na Guinea-Bissau.

Nilimweleza baba yote haya jikoni, tunaota moto, maana Makambako baridi imeshaanza. Nikamwambia mapatano ya Ureno na FRELIMO yalitiwa saini Lusaka tarehe 7 Septemba mwaka uleule, na uhuru ukaja 25 Juni 1975. Nikamwambia, baba, wangekosa chakula Songea wasingeweza kuwachosha Wareno kiasi kile.

Akasogeza kuni. Akauliza kama yule kijana wa mkono mmoja aliiwahi hiyo Juni.

Nikamuuliza jina lake. Hakuwahi kulijua. Miaka ile, akasema, wote waliitana Ndugu.