Sketi ya Kaskazi: Kiolezo cha Karatasi Kinapokutana na Kanga

Violezo vya sketi za kiangazi, yaani karatasi za kukatia kitambaa, vinavyotoka Ulaya na Marekani hukusudiwa miezi ya Juni hadi Agosti, wakati ambapo huku Dar es Salaam kusi inavuma na usiku mtu hutafuta shuka la kujifunika. Kwa hiyo mimi huvihifadhi mpaka Desemba, kaskazi inapoingia na nguo yoyote inayobana ikageuka kuwa adhabu. Safari hii nimechagua kiolezo cha sketi ya marinda yenye vifungo mbele, kuanzia kiunoni hadi chini, na badala ya kitambaa cha kupimiwa dukani nimetumia kanga.

Najua mafundi wetu wengi hawana haja ya karatasi. Humpima mteja kwa futi kamba, hukunja kitambaa, huchora kwa chaki na kukata papo hapo, na sketi ikatoka imekaa sawasawa. Lakini anayeshona nyumbani bila mkono wa miaka mingi hufaidika na kiolezo, kwa kuwa hesabu za kiuno, nyonga na nafasi ya kushonea zimekwisha kufanywa na mtu mwingine. Ebenezer Butterick, fundi wa nguo wa Massachusetts, alianza kuuza violezo vya karatasi vilivyopangwa kwa saizi mwaka 1863, na karatasi za namna hiyo hadi leo huchukulia kwamba kitambaa kimetoka kwenye jora: kirefu upendavyo na kisicho na kitovu. Kanga haiko hivyo. Ina mji katikati, ina pindo pande zote nne, ina jina lake, na vipimo vyake, takriban sentimita 150 kwa 110, vilikwisha kuamuliwa kiwandani.

Mgongano wa kwanza unaletwa na mshale uliochorwa juu ya kiolezo. Mshale huo hutaka nyuzi za mtande, yaani zile zinazofuata urefu wa jora, zishuke kutoka kiunoni kwenda miguuni, ilhali kwenye kanga mtande hulala sambamba na upande mrefu, yaani ukiiweka pindo chini, kama kila mvaaji atakavyotaka, mtande utauzunguka mwili badala ya kushuka. Kwa sketi iliyobana nyonga ningelifikiria jambo hilo mara mbili. Kwa sketi ya marinda, katika pamba nyepesi namna hii, tofauti ni ndogo: marinda hutanuka kidogo zaidi, basi. Ninaupuuza mshale bila wasiwasi wowote, mradi ukingo wa kiolezo uende sambamba kabisa na pindo.

Umbo la sketi ndilo lisilokubali kupuuzwa. Sketi inayotanuka kuelekea chini, hata ile ya kutanuka kidogo tu, huwa na ncha ya chini iliyopinda, na pindo ya kanga ni mstari ulionyooka. Ukiilazimisha, utaikata pindo hanamu pembeni na kuiacha nzima katikati, na macho ya watu hayataona kitu kingine. Ndiyo maana nasema kanga huchagua kiolezo chake: kitafutwe kile ambacho kipande chake cha sketi ni mstatili mtupu, kisha upana wote upunguzwe kiunoni kwa marinda ya kuvuta. Marinda ya kukunjwa na kupigwa pasi hadi chini siyapendi hapa, kwa kuwa huimeza nusu ya herufi za jina.

Na jina likae wapi? Mwanamke anapojifunga kanga kiunoni, jina huangukia nyuma. Kiolezo chenye zipu nyuma kingelileta mbele, na chenye zipu ubavuni kingelipeleka ubavu wa pili, mahali ambapo halisomeki na yeyote. Kiolezo cha vifungo mbele huliacha mahali pake pa asili. Tena kinakuja na neema ambayo mchoraji wake hakuifikiria: pindo za pande fupi za kanga hukutana mbele, na ile ya kulia, inayolala juu, hushuka kama utepe mzima ambamo vifungo hupangwa. Ili isiliwe na mkunjo, sikunji kanga yenyewe ndani, bali naiwekea ukanda wa ziada upande wa ndani. Sehemu hiyo naiacha bila marinda. Yanaanza pindo inapoishia, na tumbo linabaki limetulia.

Kabla ya mkasi, kanga ifuliwe kwa maji baridi, peke yake, ili dondo, ule wanga wa kiwandani, litoke na kama itachuja rangi ichuje sasa, kisha ipigwe pasi. Kiolezo changu kina mstari unaoonyesha mahali pa kurefusha au kufupisha, lakini kwenye kanga mabadiliko yote ya urefu hufanywa juu, upande wa kiuno, kwa sababu chini hapaguswi. Sketi ya sentimita 75 huacha ukanda wa kama sentimita 35 juu, unaotosha mshipi wa kiunoni, ukanda wa ndani wa vifungo na hata mfuko. Mshipi ukatwe kufuata mtande, maana upande huo hauvutiki.

Marinda yanahitaji safu mbili za mishono mirefu, moja kila upande wa mstari wa kushonea, zisizofungwa mwishoni. Nyuzi za chini huvutwa pamoja, taratibu, huku ukigawa mikunjo kwa vidole. Nilipiga bandi mshipi, yaani niliushikiza kwa mishono mirefu ya mkono, kabla ya kuupeleka kwenye cherehani, kazi ambayo wengi huiruka, nami naiona kuwa nusu ya ushonaji. Nafasi ya kushonea ni sentimita 1.5. Chini pakunjwe pembamba tu.

Kanga moja humtosha mwenye kiuno cha sentimita 75 hadi 80, kwani upana unakaribia mara mbili ya kiuno. Mwenye kiuno kikubwa zaidi asiitenganishe doti, yaani kanga mbili zinazouzwa zikiwa zimeungana: aitumie yote kama ilivyouzwa, pindo mbili fupi zikutane mgongoni na majina mawili yaangukie pande zote mbili za mwili. Bitana haihitajiki, ila kwa kanga yenye mji mweupe gagulo ni lazima. Mimi nilitumia moja, na ile ya pili nimeipinda ncha zake mbili kwa uzi uleule, niwe nayo ya kujitanda.