Kupanga vitufe vya Sony A7 III kwa kazi ya harusi

Biharusi anakaribia mlango wa ukumbi, taa zinapunguzwa, MC ameshaanza kupaza sauti. Una sekunde chache za kupandisha kasi ya shata, kubadilisha eneo la fokasi na kuhakikisha kwamba flashi itawaka. Kwa A7 III iliyo vilevile ilivyotoka kwenye boksi, hayo yanakulazimu uondoe jicho kwenye kidirisha cha kutazamia na uingie kwenye menyu ndefu yenye majina yaliyokatwakatwa. Ukirudisha jicho, biharusi ameshapita.

Kamera hii ilitoka mwaka 2018 na bado iko mikononi mwa wapiga picha wengi wa sherehe. Menyu yake inalalamikiwa sana, na kwa haki. Dawa yake ni kuipanga kamera mara moja, kwa makini, ili siku ya kazi usiifungue kabisa.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, chukua karatasi. Andika kila kitu ulichobadilisha kwenye kamera katika kazi yako ya mwisho, kisha ujiulize ulikibadilisha wakati gani. Vile unavyobadilisha jicho likiwa bado kwenye kidirisha vinastahili kitufe. Vinavyobadilika kati ya tukio na tukio, mathalani kutoka kanisani kwenda bustanini, viweke chini ya Fn, kitufe kinachofungua orodha fupi ya mipangilio. Vya mara moja kwa siku, kama kufomati kadi, viende kwenye ukurasa wa nyota, yaani My Menu. Watu wengi hukosea hapa: wanakipa kitufe kizuri kitu wanachokitumia mara moja kwa mwezi, eti kwa sababu wamekiona kwenye video ya mtu anayepiga ndege au milima.

Njia ya kufika ni hii. Bonyeza MENU, nenda kwenye kichupo cha pili cha kamera, utafute "Custom Key". Utavikuta vitatu: chenye alama ya mlima ni cha picha, chenye alama ya filamu ni cha video, na chenye pembetatu ni cha kutazama picha zilizokwisha kupigwa. Anza na cha mlima.

Kitu cha kwanza ni fokasi. Kitufe cha AF-ON, cha nyuma kinachoshika fokasi kwa kidole gumba, kiache kilivyo, halafu zima "AF w/ Shutter", yaani fokasi inayoshikwa kwa kitufe cha shata, ili kidole cha shahada kibaki na kazi moja tu ya kupiga. Faida yake utaiona watu wakianza kukatiza mbele ya lenzi. Ukiachia kidole gumba, fokasi inabaki pale ulipoiacha, na shangazi mwenye khanga akipita mbele yako, kamera haimfuati. Zima pia "Pre-AF", inayohangaisha lenzi na kula betri hata usipobonyeza chochote. Hasara ni kwamba ukimpa kamera mtu mwingine akupigie picha moja, atabonyeza shata na kupata ukungu mtupu. Msaidizi wako mweleze mapema.

Weka AF-C, yaani fokasi inayomfuata mtu akisogea, iwe hivyo siku nzima. Kama programu ya kamera ni toleo 3.0 au la baadaye, kamera itatafuta jicho la mtu yenyewe ukibonyeza AF-ON, ilimradi jicho hilo liwe ndani ya eneo la fokasi ulilochagua. Toleo 3.0 lilitoka Aprili 2019, na kamera iliyokwisha kutumika inaweza kuuzwa ikiwa na toleo la zamani, kwa hiyo angalia "Version" kwenye kichupo cha mipangilio. Hata ukiwa na toleo jipya, mbonyezo wa katikati wa joistiki, kile kijiti kidogo cha nyuma, upe "Eye AF". Kitufe hicho hutafuta jicho kwenye picha nzima bila kujali kipimo cha eneo ulilochagua. Unaweza basi kukaa na eneo dogo, Flexible Spot, kwa pete na keki, na mara tu uso unapojitokeza ukabonyeza joistiki. Kasoro yake ni kwamba kamera isipoona jicho, haitashika fokasi popote. Mtu akigeuka ubavu au akifunikwa na mtandio, rudi kwenye AF-ON.

Sasa nikae kidogo kwenye kitufe cha AEL, kwa maana ndicho kinachoibadilisha kamera hii kuliko vingine vyote. Kipe "Recall Custom hold 1". Maana yake, ukikishikilia, kamera inachukua mipangilio mingine uliyoihifadhi. Ukikiachia, inarudi ilipokuwa. Kwa harusi, hifadhi humo mipangilio ya mwendo: kwaito, kuingia ukumbini, kurusha maua. Nenda kichupo cha kwanza cha kamera, kwenye kipengele cha kusajili mipangilio ya kupigia (jina lake linaanza na "Reg"), chagua namba 1. Utaona orodha yenye visanduku vya kuweka tiki. Hivi ndivyo ninavyoshauri: hali ya S (wewe unachagua kasi ya shata), kasi 1/1000, ISO AUTO (kamera inajipangia wepesi wake wa kupokea mwanga), picha mfululizo za Hi, fokasi AF-C, eneo Zone, na mwisho kabisa tiki kwenye "AF On". Kisha bonyeza Register. Kwa tiki hiyo ya mwisho, AEL haibadilishi mipangilio tu, inashika fokasi pia. Kidole gumba kinahama kutoka AF-ON kwenda AEL, na kamera ya picha za maharusi waliotulia inakuwa kamera ya dansi.

Mambo matatu huharibu mpango huu. La kwanza ni kusahau tiki ya hali ya kamera: ukiweka tiki kwenye kasi ya shata peke yake huku gurudumu la hali liko A (wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi), kasi hiyo haitumiki. La pili ni ISO. Ikiwa mwilini mwa kamera ISO imefungwa kwenye 800 na hukuweka tiki ya ISO AUTO, kasi itapanda hadi 1/1000 na picha zitatoka nyeusi. La tatu ni flashi. A7 III hukubaliana na flashi ya kawaida hadi 1/250 tu, kwa hiyo mipangilio hii ni ya mwanga uliopo. Kumbuka pia kwamba inaitika gurudumu likiwa P (kamera inachagua vyote viwili), A, S au M (unachagua vyote mwenyewe). Kwenye AUTO utabonyeza bure.

Vipo pia vitufe vya C1 hadi C4, unavyovipa kazi mwenyewe. C1 na C2 ziko juu, karibu na kitufe cha shata. C1 ipe "ISO AUTO Min. SS", kasi ya chini kabisa ambayo ISO ya kujipanga yenyewe inaruhusiwa kuitumia ukiwa kwenye A au P. Kwa hotuba 1/125 inatosha, watu wakitembea 1/250, watoto wakianza kukimbia 1/500. Katika hali ya A unashughulika na apacha, yaani tundu la lenzi, tu, na C1 inakulinda dhidi ya mtikisiko. Kwenye M haifanyi kazi, kwa sababu kule kasi umeiweka mwenyewe.

C2 ipe "Live View Display". Watu wengi huanza kutumia flashi kwenye kamera za mirolesi (zisizo na kioo ndani) na kudhani kamera imekufa: wameweka M, f/5.6, 1/200, ISO 200, na kidirisha ni giza tupu. Kamera haina hitilafu. Inaonyesha picha itakavyokuwa bila flashi, kwa kuwa haijui flashi yako itatoa mwanga kiasi gani. Ukibonyeza C2 na kuweka "Setting Effect OFF", kidirisha kinang'aa na unaona nyuso. Ukiondoa flashi, bonyeza tena C2 urudi ON. Usipofanya hivyo, kidirisha kitaendelea kung'aa vizuri huku picha zenyewe zinaungua au zinazama gizani, na utagundua umekwishapiga mia mbili.

C3 iko kushoto kwa kidirisha, na mkono wa kushoto umeshika lenzi. Usiipe kitu cha dharura. "Silent Shooting" inafaa, kwa ajili ya kiapo kanisani au nikahi msikitini, sehemu ambazo mlio wa shata ni kero ya kweli. Ila ijue vizuri. Ikiwa imewashwa, flashi haiwaki kabisa. Flashi ikigoma ghafla ukumbini, angalia C3 kabla ya kubadilisha betri za triga, kifaa kinachowasha flashi kwa mbali. Pili, chini ya taa za LED na tyubu, picha hutokea na mistari ya mwanga na giza. Umeme wa kwetu Tanzania na Kenya ni wa 50 Hz, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, basi kasi ya 1/50 au 1/100 huituliza mistari hiyo. Taa za jukwaani za rangi hupepesa kwa mwendo wake zenyewe, kwa hiyo chini ya hizo rudi kwenye shata ya kawaida.

C4 ndiyo ile yenye alama ya pipa la taka. Ipe "APS-C S35/Full Frame", inayokata picha ibaki sehemu ya katikati tu. Lenzi ya 85 mm inaona kama ya 127 hivi, na picha inashuka kutoka megapikseli 24 hadi 10, kama 3936 kwa 2624. Hiyo inatosha kuchapa A4 safi. Usiitumie kwa picha za pamoja za ukoo, maana wale wa mstari wa nyuma utawahitaji na kila pikseli.

Kuna vitu vya kuzima ambavyo havichukui hata dakika moja. Kitufe cha video kiweke "Movie Mode Only", usije ukajaza kadi kwa video za mfuko wako. Mguso wa skrini uweke "Touch Panel" peke yake. Ukiacha na "Touch Pad", pua yako inaweza kuhamisha nukta ya fokasi huku jicho liko kwenye kidirisha. "Auto Review" zima. Mlio wa fokasi zima. Gurudumu la kufidia mwanga kwenye A7 III halina kufuli na hujizungusha ndani ya begi, basi litazame kila unapoitoa kamera.

Fn ina nafasi 12, mistari miwili ya sita. Si lazima uzijaze zote, nafasi tupu inasaidia jicho kupata haraka. Vya kuwa navyo ni eneo la fokasi, hali ya fokasi, rangi ya mwanga, kipimo cha mwanga, nguvu ya flashi na aina ya faili. Viweke kwa mpangilio ambao hutaubadilisha tena, kwa kuwa baada ya wiki kidole hukumbuka mahali, hakisomi jina. My Menu ina nafasi hadi 30, ila ukurasa wa kwanza ndio wa maana: "Format" iwe juu kabisa, ifuatiwe na mipangilio ya kadi mbili.

Tuje kwenye namba 1 na 2 za gurudumu kuu, zinazowachanganya hata wazoefu. Ukihifadhi mipangilio kwenye 1, ukaitumia, ukabadilisha ISO, kisha ukageuza gurudumu na kurudi, ISO itarudi ile ya zamani. Ndivyo ilivyokusudiwa. Ukitaka badiliko libaki, lazima uhifadhi upya. Vilevile namba hizi hazihifadhi kazi za vitufe. C1 ni ileile popote gurudumu liendapo. Zipo pia M1 hadi M4 ambazo hukaa kwenye kadi, na kufomati kadi kunazifuta. Usizitegemee kwa kazi ya wikendi.

Canon EOS R6 ina kipengele cha kuhifadhi papo hapo mabadiliko ya C1 hadi C3, ambazo kwake ni namba za gurudumu, si vitufe, unakiwasha au kukizima upendavyo. Mimi ningekizima, kwa kuwa msingi unaohamahama si msingi. Nikon Z6 ina Fn1 na Fn2 mbele, kando ya lenzi, vinavyofikiwa na vidole vya mkono wa kulia bila kulegeza mshiko. Hapo ndipo mahali pa vitu vya dharura. Pia inaweza kuandika mipangilio yake kwenye kadi na kuisoma tena.

Kwa A7 III, piga picha za kila ukurasa wa "Custom Key", Fn na zile tiki za AEL kwa simu yako, uziweke kwenye albamu yake. Kamera ikirudi kutoka kwa fundi imefutwa kila kitu, au ukinunua ya pili ya kutembea na lenzi ya 35 mm, utaipanga kwa robo saa. Mbili zikiwa tofauti hata kwa kitufe kimoja, mkono utakosea palepale inapouma.

Ukishapanga, usiende nayo kazini siku hiyohiyo. Kaa chumbani usiku, zima taa, jicho kwenye kidirisha, mwombe mtu akutajie: dansi, hotuba, flashi, kimya. Kila neno mara ishirini. Kitufe kinachokupotea baada ya mara ya kumi kimewekwa mahali pabaya. Kihamishe, uanze tena kuhesabu.