Kwetu Sukari ni ya Ukoo: Nilivyoishusha Yangu

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Mwaka 2019 baba alipokatwa mguu wa kulia chini ya goti, mimi ndiye niliyemfupishia suruali zake. Zilikuwa nne. Nilikata, nikakunja pindo, nikapiga pasi, na kila suruali ikaniachia kipande kirefu cha kitambaa chenye umbo la mguu. Vipande vile vipo kwenye boksi la viraka mpaka leo. Mkono haujawahi kwenda kuvichukua.

Kidonda kilianzia kwenye ukanda wa ndala. Sukari ilikuwa imeshaharibu mishipa ya fahamu ya nyayo, kwa hiyo baba hakusikia maumivu yoyote. Tulishtuka siku tulipoona soksi imelowa. Bibi mzaa baba alifariki kwa sukari hiyohiyo, na baba mkubwa macho yamepoteza nuru. Nyumbani kwetu maneno yalikuwa mamoja: "Hiyo ni ya ukoo." Yakishatamkwa, hakuna anayeongeza neno, na wali unapakuliwa mara ya pili.

Aliyenishtua ni mteja wangu mmoja, nesi. Alikuja kuchukua sare yake akanikuta nakoroga chai, akahesabu vijiko vinne. Akaniuliza, "Dada, wewe umeshawahi kupima?" Kesho yake asubuhi nikaenda sijala kitu. Kipimo kikasoma 6.6 (milimoli za sukari kwa lita ya damu). Akanieleza kwamba mtu ambaye hajala akifika 7 na kuendelea, na kipimo kikarudiwa kikasema vilevile, huyo ana kisukari. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 uko kizingitini mwa kisukari, hujaingia bado. Nikarudi kibandani, nikachukua futikamba ninayopimia watu kwa miaka ishirini, nikaizungusha kiunoni mwangu. Sentimita 101, wakati kwa mwanamke hatari inaanza kuhesabiwa kwenye 80. Uzito ulikuwa kilo 84.

Nilimwuliza yule nesi swali lililokuwa limenikaa kooni miaka yote: kama ugonjwa uko kwenye damu, mimi nitafanya nini? Jibu lake ndilo lililonifungua. Alisema sikoseli ni jeni moja, yaani chembe moja ya urithi, ukiirithi ikiwa na kasoro kwa baba na kwa mama, unaumwa, hakuna mjadala. Sukari ya ukubwani haiko hivyo. Inabebwa na jeni nyingi mno, kila moja inasukuma kidogo tu. Yenye nguvu kuliko wenzake wengi inaitwa TCF7L2, uhusiano wake na kisukari uligunduliwa na watafiti wa Iceland mwaka 2006, nayo ukiirithi katika aina yake mbaya huifanya kongosho izembee kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Mzazi mmoja akiwa na kisukari hiki, uwezekano wa mtoto kukipata maishani unakadiriwa kuwa karibu asilimia 40. "Arobaini," alirudia, "siyo mia."

Hapo nikamkumbuka shangazi. Ni dada yake baba, tumbo moja, ana miaka 71, hajawahi kuhama milima ya Amani kule Muheza. Nikaazima mashine ya kupimia nikapanda gari kumfuata. Asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, nikamchoma kidole: 5.1. Nilikaa naye siku tatu nikimtazama. Anateremka mtoni na kupanda mara mbili kwa siku, anabeba mkungu wa ndizi kichwani kwenye mteremko ambao mimi niliupanda nikisimama kuhema. Anakula magimbi, kunde, mchunga. Sukari hununuliwa mgeni akija. Baba yeye aliteremka mjini akiwa kijana, akapata ukarani, akakaa kwenye kiti miaka thelathini, na mezani kulikuwa na wali mweupe, chapati na soda ya Jumapili.

Najua mtu mmoja si ushahidi. Ndugu wa tumbo moja hawarithi sawasawa, huenda shangazi aliachiwa fungu jepesi. Lakini usiku mmoja nikisoma kwenye simu nilikutana na habari za Wapima, nikaona hadithi ya kwetu imeandikwa kwa watu wengi. Ni kabila la wenyeji wa Amerika. Wengine wako Arizona, Marekani, wengine wako Maycoba, milimani huko Mexico, na asili yao ni moja. Wale wa Arizona maji ya mto wao, Gila, yalichepushwa na walowezi karne ya 19, mashamba yakakauka, wakaishia kula unga mweupe na mafuta ya mgao wa serikali. Watafiti walichapisha hesabu mwaka 2006: Arizona watu wazima 38 katika kila 100 walikuwa na kisukari, Maycoba karibu 7. Wa Maycoba walikuwa bado wanalima kwa mikono. Nilisoma mara mbili, nikazima simu, nikakaa gizani.

Mwanzo wangu ulikuwa mbaya. Niliacha ugali, wali na chai kwa mpigo. Siku ya tisa nikaenda harusini nikala pilau na chapati nne, nikarudi nyumbani nikilia. Nesi aliniambia niache kushindana na roho, nibadilishe jikoni. Kopo la sukari likatoka mezani likapanda juu ya kabati, anayelitaka avute kigoda. Kwenye chai nikapunguza nusu kijiko kila wiki, nikamaliza kwa wiki nane. Ilipofika ya tano ndipo nilipoanza kusikia ladha ya hiliki na mchaichai, ladha niliyokuwa nimeifunika tangu utoto. Sahani nikaipakua kinyume: matembele kwanza mpaka nusu, halafu maharage au dagaa, na ugali wa dona unakaa pale palipobaki. Chungu ni kimoja kwa nyumba nzima. Kujipikia peke yangu nisingedumu.

Lengo nililopewa lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito, kwangu kama kilo 6, na kutembea dakika 150 kwa wiki. Halikutoka hewani. Lilijaribiwa Marekani kwa watu 3,234 waliokuwa kizingitini kama mimi, matokeo yakatolewa 2002: waliokula na kutembea hivyo, uwezekano wa kuugua ulishuka kwa asilimia 58, na waliopewa vidonge vya metformini kwa asilimia 31. Hata waliorithi aina mbaya ya ile TCF7L2 walifaidika. Basi jioni nikishafunga kibanda natembea kuelekea Raskazone mpaka bahari ionekane, narudi. Siku tano kwa wiki. Nguo za wateja wa karibu nazipeleka kwa mguu.

Nilipomwonyesha baba karatasi yangu ya vipimo baada ya mwaka, 5.5 na kilo 77, niliyemtarajia afurahi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mguu wangu niliukata mwenyewe?"

Sikuwa na jibu siku ile, na liliniuma kuliko chochote. Nilirudi baada ya siku mbili nikamwambia: hapana, baba. Damu ilikusukuma kweli, na hakuna aliyekukalisha akakueleza kama mimi nilivyoelezwa. Kile kiti cha ukarani ndicho kilichotusomesha. Alinishika mkono. Tangu hapo chai yake anaitaka na mchaichai bila sukari, na kidonda cha mguu wa pili, kilipotokea mwaka jana, tulikiona mapema kwa sababu kila usiku namkagua unyayo kwa tochi.

Kaka yangu ndiye alikuwa amebaki. Kila nikimtajia kupima anasema akipima atakipata. Juzi alikuja nimshonee suruali ya kazini. Nikamzungushia futikamba kiunoni: 108. Sikuandika. Akaniuliza mbona siandiki. Nikalifungua lile boksi la viraka nikampa vile vipande vinne avishike. Alivigeuza geuza, akavitambua. Tumekubaliana Jumamosi saa moja asubuhi, nimemwambia asinywe hata chai.