Kaa mara tatu: kukipima kitabu kabla hujakilipia

Kitabu kikinunuliwa Mombasa, kikapanda basi mpaka Mokowe, kikavuka kwa boti mpaka Amu (mji wa Lamu), hakirudi tena dukani. Nauli ya kukirudisha yaweza kuzidi bei yake. Kwa hiyo kipime kikiwa bado kaunta kwa muuzaji, na dakika kumi zatosha ukijua pa kufungua. Jalada liache. Dibaji nayo iache. Sijaona dibaji inayokiri kwamba kitabu ni kibovu. Tafuta ukurasa ambao jibu lake unalijua tayari.

Kwa kitabu cha afya, ukurasa huo ni wa kuhara. Nenda kwenye faharasa. Kama haipo kabisa, hiyo ni dosari kubwa: anayelea mtoto anayehara usiku wa manane hana muda wa kupekua kurasa 200. Ukifika, tazama vipimo vya maji ya chumvi na sukari kwa pale ambapo pakiti ya zahanati haijapatikana. Ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Kitabu kinachosema “chumvi kidogo” au “ukufi wa sukari” kirudishe rafuni. Viganja havilingani, na chumvi ikizidi huvuta maji kutoka mwilini, yaani dawa ikazidisha ugonjwa wenyewe. Kwa huku kwetu ningetaka sentensi moja zaidi: yasiwe maji ya kisima yenye ladha ya chumvi. Kikitaja pia zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 (miligramu 10 kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 6), ujue mwandishi alisoma maelekezo ya kuanzia 2004.

Halafu ukurasa wa hakimiliki. Hapa wengi huponzeka. “Kimechapwa tena 2016” si sawa na “Toleo la pili 2016”. Kuchapwa tena ni karatasi mpya, maneno ni yale yale. Ndiyo maana kitabu cheupe pe huweza kukwambia dawa ya kwanza ya malaria ni klorokwini, ilhali Kenya iliamua kuhamia dawa mseto ya artemether na lumefantrine mwaka 2004, ikaanza kutolewa vituoni 2006. Na kwenye kuumwa na nyoka, kikisema chanja kwa wembe ufyonze sumu, kifunge kitabu hicho.

Vitabu vingi vya afya vimeandikwa bara, na mwiba wa taa, yule samaki bapa mwenye mkia wa sumu, haumo. Mvuvi aliyechomwa na taa hutia mguu katika maji ya moto anayoweza kuyastahimili, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Ajaribu mtu mwingine kwanza kwa mkono wake, maana mguu wenye maumivu makali haupimi joto. Kisha ni hospitali, kwa kuwa kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Kitabu kisipokuwa na haya sikikatai. Huyaandika kwa penseli kwenye ukurasa mtupu wa mwisho.

Kamusi naipima kwa neno moja: kaa. Liwe limeingizwa angalau mara tatu, kila moja na nambari yake. Kaa wa mikokoni, ngeli ya A-WA, wingi kaa. Kaa la moto, LI-YA, wingi makaa. Kaa kitenzi, pamoja na kalia, kalika, kalisha. Yakirundikwa pamoja, mwanafunzi atasoma kuhusu kaa wa kupika apate maana ya jiko la mkaa. Ukiwa na muda, tazama na kiboko. Mnyama ni “kiboko amezama”, fimbo ni “kiboko kimevunjika”, japo wingi wa yote mawili ni viboko. Kitabu cha sarufi kinachopanga ngeli kwa kutazama herufi za mwanzo tu hukosea hapa hapa.

Lipo pia suala la lahaja. Mtoto wa Amu husema kitwa, ndia, mtele. Shuleni huandika kichwa, njia, mchele, kwa kuwa Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ilikisanifisha Kiswahili kwa kuegemea Kiunguja. Kitabu chema huyaweka maneno hayo na kuyatia alama ya lahaja. Kinachoyaita makosa sikitaki katika nyumba ambayo bibi huyasema kutwa.

Cha hesabu huanziwa nyuma, penye majibu. Chukua maswali 5 ya mwisho mwisho wa sura. Yale ya mwanzo huhakikiwa na kila mtu, makosa hujificha huku chini. Jibu moja likienda kombo, tulia, huenda umekosea wewe. Mawili, kiache. Ila angalia duara kwanza: lenye nusukipenyo cha sm 7 hutoa eneo la 154 ukitumia 22/7, na 153.958 ukitumia 3.142. Kitabu kisichosema kimetumia ipi humfutisha mtoto jibu sahihi.

Kisha fungua kugawanya sehemu. Robo tatu kwa thumuni. Vingi vitasema geuza ya pili, zidisha, 6, basi. Kizuri huuliza: katika robo tatu mna thumuni ngapi? Robo moja ina mbili, robo tatu zina sita. Mtoto aliyetumwa dukani robo ya sukari ameshaijua nusu ya somo hilo.

Ukikuta vitabu vya 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu wa Kenya, kwa bei ya kutupa, maana KCPE, mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilikuwa 2023, vya hesabu chukua. Duara halikubadilishwa na mtaala. Vya darasani mwalimu atataka vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya.

Kabla ya kutoa pesa, fungua katikati utazame mgongo. Ukiona uzi, kimeshonwa. Gundi tupu huweza kukauka na kupasuka, kurasa zikaanza kudondoka. Kwa kamusi, lipia uzi. Kwa kitabu cha mazoezi kitakachokwisha ndani ya mwaka, gundi yatosha.